Khabari za Chuma, Mnyapara wa Misafara, na Njia ya Ufipa

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akatia njia ndani yake, ili waja wake wapate kwenda na kurudi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, na ajue msomaji ya kuwa Qurani Tukufu imewaamuru watu mara nyingi watembee katika ardhi watazame. Haikuwaamuru kutembea tu, bali imeungamanisha kutembea na kutazama. Kwani wako watu wapitao nchi za ugeni kama mzigo upitavyo juu ya kichwa cha mpagazi: umefika mbali, wala haukuona kitu. Na wako wapitao nchi wakaiuliza, wakaishika moyoni, hata wakirudi huwa wamerudi na jambo la kuwafaa wenzao. Katika hao wa pili alikuwa mtu mmoja aliyezaliwa katika Wayao yapata mwaka 1850, jina lake Chuma, ambaye wazungu walimwita James Chuma. Hakuwa Mwislamu, alibatizwa katika ujana wake, akafa katika dini hiyo. Lakini uaminifu ni uaminifu popote uonekanapo, na mwenye insafu haufichi wema wa mtu kwa sababu dini yake ni nyingine.

Chuma aliipita nchi ya Ufipa mara tatu: mwaka 1872, na mwaka 1873, na mwaka 1880. Na khabari ya safari hizo tatu ndiyo maana ya kijitabu hiki.

Ama nchi ya Ufipa, ni uwanda wa juu ulioinuka baina ya maziwa mawili. Magharibi yake ni ziwa Tanganyika, na mashariki yake ni bonde la ziwa Rukwa, na pande zote mbili ardhi huanguka kwa magenge makali. Mji wa Sumbawanga, ulio leo makao ya mkoa wa Rukwa, uko juu ya uwanda huo, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na upepo wake ni wa baridi. Husemwa kuwa maana ya jina hilo ni kutupa uchawi, yaani aingiaye mjini aache nje uovu wake. Mji huu haukuwako kama ulivyo sasa katika siku za Chuma. Lakini Wafipa walikuwako pamoja na watawala wao, ambao kila mmoja huitwa Mwene. Walikuwa wakulima hodari, wafukiao majani chini ya matuta ya mviringo ili yaoze yakarutubishe udongo, wakapanda ulezi na maharagwe. Tena walikuwa wahunzi mashuhuri, wakiyeyusha chuma cha mawe katika tanuu za udongo zilizopita kimo cha mtu.

Mwanzo wa khabari ya Chuma ni msiba. Alikuwa mtoto alipotekwa akafungwa katika mnyororo wa watumwa, akaswagwa pamoja na wengine kupelekwa kuuzwa. Mwezi wa Julai 1861, karibu na mto Shire, msafara ule ulikutana na Daktari David Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie na wenzao. Walinzi wakakimbia, na mateka wakafunguliwa. Na yapasa kusemwa wazi, kwani wako katika Waislamu wa zama zile waliokula mali ya biashara hiyo: kumteka mtu huru na kumuuza ni dhambi kubwa katika sheria ya Kiislamu, wala haihalalishwi na ada ya nchi, wala na wingi wa watendao. Mtoto huyo aliyehesabiwa kuwa bidhaa, baadaye ndiye aliyewaongoza watu huru kwa mamia.

Chuma akakaa na wamisionari, kisha mwaka 1864 Livingstone akamchukua pamoja na mwenzake Wikatani katika chombo kidogo cha moshi, wakavuka bahari ya Hindi kutoka Unguja hata Bombay kwa muda wa siku 45. Katika mabaharia wa chombo hicho alikuwamo Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, aliyekuwa mwenzi wa Chuma katika kazi kubwa itakayotajwa. Huko Bombay Chuma akatiwa chuoni, akasoma Kiingereza, akaona mji mkubwa wenye watu wa kila kabila na kila dini. Basi hiyo ndiyo nchi ya kwanza ya ugeni aliyoijua kwa kuisoma.

Mwaka 1866 Livingstone akarudi Afrika, na Chuma na Susi wakafuatana naye. Walishuka Mikindani, wakafuata mto Ruvuma, wakalizunguka ziwa Nyasa. Wikatani akakutana na jamaa zake, akabaki nao. Wangazija waliokuwa katika msafara wakauacha wakarudi pwani. Chuma akaendelea. Walakini si haki kumfanya malaika. Mwaka 1868, walipokuwa katika nchi ya Kazembe, wapagazi walichoka na kuzunguka kusikokwisha, wakakataa kwenda mbele. Na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwa waliokataa. Livingstone akaenda na wachache, na aliporudi wakamwomba radhi, akawapokea. Tangu hapo hawakumwacha tena. Mtu aliyeanguka akainuka, huijua njia kwa miguu yake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti 1872 Livingstone alitoka Unyanyembe, karibu na Tabora, pamoja na watu wapya waliotumwa kutoka pwani, akakusudia kwenda kusini. Katika msafara huo alikuwamo pia Ntaoeka, mke wa Chuma. Walipofika Tanganyika walishika njia ya kandokando ya ziwa, chini ya uwanda wa Ufipa. Aitazamaye njia hiyo kwenye ramani ataiona nyepesi, kwa kuwa maji yako karibu na kuelekea kusini hakupotezi mtu. Lakini milima ya Ufipa huteremka hata ndani ya maji, na baina ya mlima na mlima pana korongo. Basi msafiri hupanda akashuka, akapanda akashuka, na mwisho wa siku akitazama nyuma huona moshi wa kambi ya jana. Nao ulikuwa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ambapo jua huchoma na mawe hushika moto. Miguu ya watu iliumia kwa joto la ardhi, na Livingstone mwenyewe alikuwa mgonjwa. Chuma alipita hapo pamoja na wenzake, akaumia kama walivyoumia. Ila maumivu yake hayakupotea bure, kwani aliyaweka.

Walizunguka ncha ya kusini ya ziwa, wakaingia katika mabwawa ya Bangweulu wakati wa mvua. Huko maradhi yakamzidi Livingstone. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika mji wa Chitambo, watumishi wake walimkuta amekufa, naye amepiga magoti kando ya kitanda.

Hapo jambo likawa zito. Walikuwa yapata watu 60 katika nchi ya mbali, hawana bwana wala mshahara mkononi. Wangaliweza kumzika na kutawanyika, na hapana ambaye angaliwahukumu. Wakafanya shauri, wakawachagua Susi na Chuma kuwa wakubwa wao, wakaazimia kumrudisha maiti kwa watu wake pamoja na vitabu vyake, na vyombo vyake, na kila kilichokuwa chake, wakaviandika vyote ili kisipotee kitu. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma, akasoma sala ya dini yake akachora maandishi katika gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga katika nguo za marekani na gome la mti, na juu yake turubai.

Ajuaye fikihi ya Imamu Shafii ajua kwamba katika madhehebu yake maiti hahamishwi kwenda mji mwingine kabla ya kuzikwa, ila awe karibu na Makka, au Madina, au Baitul Muqaddas. Basi kitendo hiki hakielezwi hapa ili kifuatwe na Waislamu. Lililo la kuzingatiwa ni nia yao: kuwapelekea wenyewe kilicho chao. Na kurudisha amana kwa wenyewe ni amri iliyo wazi katika Qurani.

Wakaondoka. Wengi wakaugua njiani, na wengine wakafa. Katika mji wa Chawende wakagombana na wenyeji, vikawa vita, damu ikamwagika. Hata wakaikaribia ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, na mbele yao palikuwa na njia mbili. Iliyojulikana ilikuwa ile ya ufukoni, waliyoipita mwaka uliotangulia. Mtu mvivu wa akili huifuata njia aliyokwisha kuipita, hata kama ilimtesa, kwa kuwa aijua. Wao hawakufanya hivyo. Waliyakumbuka magenge na joto na miguu iliyoumia, nao sasa wana mzigo usioweza kutuliwa kwa haraka wala kuonyeshwa kwa kila mtu. Wakaamua kuliacha ziwa mbali, upande wa kushoto kwao, wapande wakapite juu ya uwanda wa Ufipa.

Na shauri hilo likawa jema. Juu ya uwanda waliona nchi ya kutembeka, na chakula hakikuwa cha taabu kama nyuma. Wakaivuka safu ya Lyambalyamfipa, wakashika njia ya Unyamwezi. Vita vilivyowapata vilikuwa nyuma kwa Chawende, wala si kwa Wafipa. Na baadaye, walipoulizwa khabari za safari, hawakusahau kuwausia wasafiri watakaokuja nyuma yao wajitenge na ufuko wa ziwa washike njia ya juu. Hili ndilo litafautishalo kuona na kupita tu. Taabu ya mwaka 1872 ilikuwa ya wote waliokuwako. Lakini walioihifadhi wakaigeuza kuwa shauri, ndio walioufikisha msafara wa mwaka 1873.

Mwezi wa Oktoba 1873 wakafika Kwihara, karibu na Tabora. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo, kwani mbele kuna khatari. Susi na Chuma wakasikiliza, kisha wakakataa kwa adabu. Mbele kidogo, karibu na Kasekera, khatari ikadhihiri: wenyeji hawakuridhia maiti kupita katika nchi yao, kwani kwao lilikuwa jambo la kuogopwa. Wakuu wa msafara hawakutaka vita tena. Wakautoa mwili katika gome lake, wakaufunga kama mtumba wa nguo za biashara. Kisha wakafunga mabua ya mtama kwa mfano wa maiti, wakawapa watu sita wayachukue kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku wale watu wakayatupa mabua porini, wakarejea mmoja mmoja. Mtumba ukapita salama, wala hapana aliyeuawa mahali hapo.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Amana ikapokewa, ikapakiwa melini. Na hao walioichukua wakalipwa ujira wao wakaachwa pwani. Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster, tarehe 18 Aprili 1874, na Chuma na Susi hawakuwako. Jacob Wainwright peke yake katika waliouchukua mwili ndiye aliyehudhuria.

Baadaye James Young, rafiki wa Livingstone, akawalipia nauli wakaenda Uingereza mwaka huo huo. Basi Chuma akawa mgeni katika nchi ya waliomwita mtu wa ugeni. Wakapelekwa kwenye kaburi, wakatembezwa katika miji na majumba makubwa. Huko Scotland, katika shamba la Young, wakajenga kibanda mfano wa kile alichofia Livingstone, ili watu wake waone kwa macho. Na kazi yao kubwa ilikuwa nyumbani kwa padri Horace Waller, huko Twywell. Waller alikuwa akizipanga daftari za Livingstone ziwe kitabu, na mahali pengi pana jina la mto lisilosomeka, na baada ya kifo hapana kilichoandikwa. Chuma na Susi wakawa ndio daftari. Kila mto, kila mji, kila kituo, wakautaja kwa taratibu yake. Kitabu kikachapwa London mwisho wa mwaka 1874, na sehemu ya mwisho yake, ikiwamo njia ya Ufipa, ni ukumbusho wao wawili. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikawapa nishani.

Aliporudi Unguja, Chuma akafanya kazi ya misafara kwa wamisionari, na mwaka 1876 akawaongoza watu waliokombolewa utumwani kwenda kukaa Masasi. Kisha mwaka 1879 chama kile kile kikatuma msafara wa kwenda maziwa makuu, chini ya Keith Johnston, na mnyapara wake akawa Chuma. Wakatoka Dar es Salaam mwezi wa Mei, watu yapata 150. Tarehe 28 Juni Johnston akafa kwa ugonjwa huko Behobeho, na uongozi ukamwangukia kijana Joseph Thomson, mwenye miaka 21. Kijana huyo hakuwa amepata kuongoza msafara. Aliyejua kugawa mizigo, na kupatanisha waliogombana, na kusema na wafalme kwa lugha zao na kwa mzaha wa adabu, ni Chuma. Thomson mwenyewe hakuificha sifa hiyo.

Wakafika Nyasa, wakafika Tanganyika, na katika kurudi, mwaka 1880, wakapita Ufipa. Kwa Chuma ilikuwa mara ya tatu. Thomson akastaajabia Wafipa, akawahesabu kuwa wakulima halisi kuliko kabila zote alizoziona. Kutoka juu ya uwanda akaliona kwa mbali ziwa Rukwa, akalipa jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakupata kukanyaga hapo. Jina hilo halikudumu. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuliita ziwa lao, na jina lao ndilo lililobaki hata leo. Na hapo pana mazingatio: ajaye ugenini huuliza kitu kinaitwaje, wala hakipi jina kana kwamba kimezaliwa siku alipokiona.

Mwezi wa Julai 1880 msafara ukafika Bagamoyo, wala haukuwa umempiga mtu risasi njia nzima. Katika zama ambazo misafara mingi ilipita kwa bunduki na kuacha miji imeungua, hili lilikuwa jambo la ajabu. Chuma akatunukiwa upanga na nishani ya fedha. Mwaka 1881 akafuatana tena na Thomson kwenda Ruvuma, kwa kazi ya Sayyid Barghash, kutafuta makaa ya mawe. Mwaka 1882 akafa Unguja kwa ugonjwa wa kifua, naye hajapita sana miaka 30.

Katika maisha hayo mafupi mna faida kwa kila asafiriye. Ya kwanza, taabu ya njia ni elimu, na ajuaye ubaya wa njia akawanyamazia wenzake amewakhini. Ya pili, ugeni wataka ulimi wa kuomba na kuuliza, kwani lugha moja ya wenyeji hufungua mlango ambao bunduki kumi haziufungui. Ya tatu, mwenye nchi ana haki katika nchi yake, hata katika mambo ayaogopayo. Wala si kila kizuizi huondolewa kwa vita. Ya nne, alichokiona mtu ni amana kama alichokichukua, na akiulizwa yampasa akitoe kama kilivyo, pasipo kuzidisha wala kupunguza.

Leo msafiri hufika Sumbawanga kwa barabara ya lami itokayo Tunduma, akavuka kwa saa chache uwanda ambao Chuma aliuvuka kwa miguu. Na akipata nafasi asiishie stendi. Na apande milima ya Mbizi, asimame ukingoni mwa mashariki atazame bonde la Rukwa chini yake. Na aende magharibi ayaone magenge yanayoanguka katika Tanganyika, apate kujua kwa nini watu wenye maiti mabegani walikataa njia ya chini. Awaulize wazee wa Kifipa khabari za tanuu za chuma na za matuta ya ulezi. Kisha arudi kwao awasimulie alichokiona. Akifanya hivyo atakuwa ametembea na kutazama pamoja, kama alivyoamrishwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake ndiko marejeo ya kila msafiri.